Korido ya Bi Saleha

Jumatatu, 10 Julai 1967

Kama Kenya hii kuna fundi wa mbao anayenizidi, basi amejificha vizuri. Leo nimegonga sakafu kwa kisigino mara moja tu nikajua mti wake, umri wake, na tabia ya Mzungu aliyeipigilia. Mtu bahili. Aliweka msumari mmoja mahali pa mitatu. Nina miaka kumi na tisa. Nikifika thelathini sijui Nairobi itakuwa imebakiwa na kazi gani ya kunipa.

Sasa ukweli kidogo. Kazi ilikuwa ya mzee Mwololo, bosi wangu. Mgongo wake umekwama tangu Jumamosi — amelala kifudifudi kibandani kama mamba, hata chai anainywa kwa kugeuza shingo. Akasema, Makau, nenda utazame tu, usiguse kitu, usiahidi kitu. Nikaenda. Nikatazama. Nikaahidi yote.

Nyumba iko nyuma ya maduka ya Adams Arcade, ile ya bati jekundu. Ya Mzungu wa zamani, sakafu mbao tupu, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe. Mzee Shamsudin, karani wa mjini, mtu wa Mombasa, aliinunua mwaka wa Uhuru. Mwezi wa tatu mwaka huu akafariki. Aliyenipokea ni mwanawe Mbarak, mwenye duka la vitambaa mjini. Mpole. Kalamu tatu mfukoni.

Alinieleza mambo ya watu kabla ya mambo ya mbao. Mama yake, Bi Saleha, yuko eda. Kwao mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye wa damu yake hamwoni. Kwa hiyo: hodi mlango wa nyuma, ungoje. Hodi jikoni, ungoje. Hodi mwanzo wa korido, ungoje mpaka uitikiwe, ndipo uingie na macho chini. Nikasema sawa, macho yangu ni ya mbao tu.

Mwisho wa korido, juu ya mkeka, ameketi Bi Mishi, dada mkubwa wa huyo mama, amekuja kutoka Mombasa kumtunza. Tasbihi mkononi, jicho kama la askari wa zamu. Akanipima kuanzia viatu.

"Huyu ndiye fundi? Au fundi yuaja nyuma?"

Korido ni ndefu, katikati ina kona. Hakuna ubao unaonyamaza. Mmoja unalia kama bata. Mwingine kama mlango wa kanisa. Mbele ya sebule hata haulii, unadunda tu, uwazi mtupu, kama debe. Mbarak akasema iwe imenyamaza yote kabla ya Ijumaa tarehe 28. Siku hiyo mama anatoka eda. Jumamosi asubuhi dada yake Mbarak anafika na treni ya Mombasa, na mtoto wa kiume wa miezi miwili. Mtoto ana jina la babu yake. Bibi hajamshika hata mara moja — alizaliwa yeye akiwa ndani.

Marehemu aliahidi kutengeneza sakafu hiyo kila mwaka. Sasa mama hataki chochote, nguo wala sherehe. Anataka korido ambayo mtu anaweza kutembea na mtoto begani asiamke.

Nikamwambia Mbarak siku mbili zinatosha.

Jumanne, 11 Julai

Nimepiga misumari. Inchi nne, mipya, inang'aa. Kuanzia mwanzo wa korido mpaka kwenye kona. Nyundo yangu ilikuwa inaimba, watu wa barabarani lazima walisimama kusikiliza.

Nikamaliza, nikatembea.

Bi Mishi alingoja nifike mwisho. "Jana zilikuwa zalia," akasema. "Leo zaimba taarabu."

Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kukasikika mtu anacheka. Kicheko kidogo, kama cha mtu aliyesahau kinavyofanywa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Bi Saleha. Akasema, "Mwache, Mishi. Marehemu naye alianza hivyo hivyo."

Jioni mzee Mwololo aliniuliza, mdomo kwenye mto. "Ulipiga misumari?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kilo moja na nusu."

Akafumba macho. Nikafikiri amelala. Kisha akasema mbao ikikauka inaachana na boriti chini yake, mtu akikanyaga inapanda na kushuka kwenye msumari, na huo ndio mlio wenyewe. Ukiongeza misumari umeongeza waimbaji. Ingia chini ya nyumba, mjinga wewe, na kabari. Vipande vyembamba, upande mmoja kisu, upande mmoja kisigino. Jaza nafasi.

Nilikuwa nimeshafikiria hivyo mwenyewe. Karibu.

Alhamisi, 13 Julai

Chini ya nyumba. Nimeingilia kwenye kidirisha cha hewa, kwa tumbo. Huko nimekuta mpira wa gofu, kijiko cha fedha (nimekirudisha), na kuku asiyejulikana ni wa nani, ametaga mayai sita na hataki mazungumzo.

Nimewasha tochi. Ni kweli — kati ya boriti na mbao kuna nafasi unaweza kupitisha kidole. Lakini ipi inalia? Mtu lazima atembee juu, mimi nisikilize chini. Mbarak yuko dukani mjini. Nikamwita Bi Mishi. Akatembea hatua nne, vumbi lote la Wazungu likaniingia machoni, kisha akasema magoti yake hayakuja Nairobi kuwa kifaa cha fundi.

Halafu sauti, juu ya uso wangu kabisa, upande wa pili wa ubao.

"Mimi nitatembea. Yeye hanioni, nami simwoni. Ukuta ni ukuta hata ukiwa umelala chini."

"Saleha, rudi chumbani," Bi Mishi akasema.

"Narudi. Lakini mwulizeni Maalim."

Ijumaa, 14 Julai

Mbarak amemwuliza Maalim wao mjini baada ya sala. Maalim akasema sauti ya kazi, ya lazima, dada mtu akiwa amekaa hapo hapo, haina ubaya. Ila fundi asitoke chini mpaka mama awe amerudi chumbani na Bi Mishi amegonga mara tatu.

Mzee Mwololo kasikia akacheka mpaka mgongo ukamuuma. Miaka yote ya ufundi wake, kasema, hajapata tajiri anayefanya kazi pamoja na fundi wake.

Jumamosi, 15 Julai

Siku ndefu. Siku nzuri kuliko zote tangu nije Nairobi, na nilikuwa nimelala chali kwenye mavumbi.

Kazi inakwenda hivi. Mimi chini nasema, "Tembea, Mama." Yeye juu anatembea. Ubao ukilia anasimama, anagonga na bakora ya marehemu: ko, ko. "Hapa, fundi." Napaka kabari gundi, naiingiza, naigonga polepole. "Kanyaga tena." Anakanyaga. Ukilia nagonga tena. Ukinyamaza anasema, "Alhamdulillahi, mwengine."

Nyayo zake ni nyepesi, za mtu asiyetaka kusumbua. Mguu wa kulia mzito zaidi ya wa kushoto. Saa sita nilikuwa nazijua kama sauti ya mtu. Bi Mishi akijaribu kunidanganya kwa kukanyaga yeye, nasema, "Hapana, huyo ni tembo mwingine." Akanitukana kwa Kimombasa kizuri sana, sikuelewa hata nusu. Bi Saleha alicheka. Mara ya pili hiyo. Nahesabu.

Katikati ya kazi akauliza, "Makau, mama yako yuko wapi?"

"Kangundo, Mama. Alizikwa nikiwa darasa la pili."

Bakora haikugonga. Nyayo hazikwenda.

"Nani alikubeba basi?"

"Nilikuwa nishaanza kutembea," nikasema. Kwa maringo kabisa. "Mimi nilitembea mapema. Shangazi alikuwa na watoto wake wanne, hata yeye alishangaa nilivyokuwa hodari."

Hakucheka. Nilingoja aicheke hiyo, kwa sababu watu wote huicheka.

Baadaye kidogo mkono wa Bi Mishi ukapenya kwenye kidirisha cha hewa na sahani. Mahamri manne, chai ya tangawizi. "Umeletewa," akasema, kama mtu anayelisha chui. Nimekula nimelala ubavu, nikamrushia kuku kipande. Juu yangu Bi Saleha alikuwa amesimama tu. Nilijua mahali aliposimama.

Jumatatu, 17 Julai

Pale panapodunda mbele ya sebule nimepamaliza. Nguzo moja ya jiwe ilizama, boriti ikabaki hewani kama mtu aliyenyimwa kiti. Nimeinua kwa jeki ya gari niliyoazima, nikapachika jiwe na kipande cha mti wa mtarakwa. Sasa ukigonga panajibu kwa sauti ya kiume.

Kuanzia leo kuna kazi ya juu pia. Kung'oa misumari yangu (sitaki kuizungumzia), kuweka skrubu zilizopakwa sabuni, kuziba vichwa vyake. Nikiwa juu Bi Saleha anakaa chumbani.

Na Bi Mishi amebadilisha sheria. Nilikuwa napiga hodi zangu tatu kwa nguvu, fundi anayejiheshimu. Akatoka kashika kichwa. "Basi, basi! Hapa pana msiba, si mnada. Wacha hodi zako. Ukiutia mguu mwanzo wa korido mbao zatwambia, Saleha yuingia chumbani. Wewe fanya kazi."

Vizuri. Koo langu lilikuwa limechoka.

Alhamisi, 20 Julai

Mbao mbili karibu na kona zinasuguana ubavu kwa ubavu. Kabari haisaidii hapo. Mzee Mwololo kasema zinyunyizie poda kwenye ufa. Poda ya duka Adams Arcade bei yake inachekesha. Bi Mishi alisikia nikilalamika, akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo lake mwenyewe la poda ya asumini.

"Usimalize."

Nikamaliza.

Sasa korido inanukia kama bibi harusi. Bi Mishi kanuna mpaka alasiri, kisha nikamsikia anamwambia dada yake kwamba kijana huyu ana mkono. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Ana mkono!

Jumanne, 25 Julai

Zimebaki mbao chache upande wa chumba cha kulala. Mimi chini, Bi Saleha juu, bakora ko ko.

Akauliza, "Makau, wewe wafananaje?"

Nikamwambia. Mrefu. Meno meupe kupita maziwa. Kifua cha mpiga ngumi. Nikipita Adams Arcade wasichana wanajigonga kwenye nguzo za taa.

"Masikini nguzo," akasema Bi Mishi.

Bi Saleha akacheka, mara ya saba au ya nane, nimepoteza hesabu. Akasema, "Ijumaa nitaona mwenyewe. Nishamwambia Mbarak. Nikitoka, mtu wa kwanza wa nje nitakayemwona nataka awe wewe. Umenijua kwa nyayo, nami nimekujua kwa nyundo. Si haki tusionane nyuso."

Nikasema, "Mama, jitayarishe, watu huzimia."

Nimenunua sabuni ya kufulia shati.

Jumatano, 26 Julai

IMEISHA.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni jambo kubwa. Asubuhi nimeweka skrubu ya mwisho, nikapaka nta, nikasugua mpaka nikaona pua yangu. Kisha nikaomba Bi Mishi atembee. Yeye ndiye mtihani. Akatoka mkekani, akaenda mpaka mwisho na kurudi, na vile alivyo mzito. Hakuna. Hata paka angeona haya.

Akasimama. "Yalaa," akasema polepole. "Kana kwamba sipo."

Wajenzi wa majumba ya Loresho wakisikia habari hii wataniita mmoja mmoja. Nitawaambia wapange foleni. Mzee Mwololo kainuka leo, anatembea kama herufi S, kaniuliza bisibisi yake ndefu iko wapi. Nimeiacha kule, kwenye kizingiti cha dirisha pale kwenye kona. Nitaifuata kesho.

Alhamisi, 27 Julai

Baridi. Nilirudi kuchukua bisibisi. Nimeichukua.

Sina la kuandika.

Ijumaa, 28 Julai

Nimekaa kwenye ukingo wa maduka Adams Arcade. Shati jeupe. Viatu vinang'aa. Nimeambiwa niingie saa nne, kwa mlango wa mbele, si wa nyuma. Upepo ukija huku naunusa ubani wao. Bi Saleha ameoga asubuhi, ametoka eda.

Mbarak alinikuta hapa akitoka kununua maziwa. Amefurahi, kalamu zote tatu zimelala upande mfukoni. Akasema, "Mama asema usije mikono mitupu, uje na ile bisibisi. Kuna ubao mmoja, wa kwanza kabisa, mwanzo wa korido, ataka uulegeze. Ulie kidogo." Akacheka. "Wazee, Makau. Wiki mbili watafuta kimya, wakishakipata wataka kelele."

Nikacheka naye. Kisha akaenda, nami nikaigusa bisibisi mfukoni.

Sikumwambia mtu yeyote wa nyumba ile kwamba bisibisi ninayo. Mara ya mwisho waliiona dirishani, na mama amejua nani aliyeiondoa.

Basi niandike.

Jana alasiri mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Bi Mishi alikuwa uani anachagua mchele, amenipa mgongo. Nikavua viatu, nisiharibu nta yangu. Sikupiga hodi. Nilishazoea mbao zinipigie, na mbao nimeziziba midomo mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Nikafika kwenye kona.

Bi Saleha alikuwa anatembea. Nguo nyeupe, kichwa wazi, nywele za mvi zimesukwa mkia mmoja. Mwanamke mdogo, mdogo sana. Begani amelaza mto, ameufunika shali, anaupigapiga kwa kiganja na kuuimbia wimbo wa watoto wa kwao. Anafanya mazoezi. Alienda mpaka mwisho akageuka, na uso wake nikauona wote. Macho alikuwa ameyafumba, shavu kwenye mto. Akaja kuelekea kwangu, mguu wa kulia mzito, akafika katikati, akageuka tena bila kufumbua. Anaijua ile korido kwa miguu kuliko mimi kwa mikono.

Nikarudi kinyumenyume. Bisibisi ilikuwa karibu na kiwiko changu, mkono ukaichukua wenyewe. Sakafu haikusema kitu. Kazi safi.

Sijui kama nimemharibia eda yake, siku moja kabla. Sijui kama anadhani hivyo. Hajamwambia Mbarak, maana Mbarak anacheka. Hajamwambia Bi Mishi, maana masikio yangu hayajang'olewa. Ameniita bado. Na nikiingia atasema, kumbe ndiwe wewe, na watu wote watanitazama nimjibu kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Kuingia bila hodi ni kosa la miguu. Hata Maalim angelielewa. Lakini si hilo lililoharibika. Lililoharibika ni kwamba hatua ya kwanza tu nilijua nimekosea, na sikuondoka. Nilisimama mpaka wimbo ukaisha. Ukaanza tena, nikasimama tena. Nilikuwa na neno moja mdomoni, la nyumbani, mwaitu, yaani mama yangu, sijamwita mtu hivyo tangu darasa la pili, nikaliuma lisitoke.

Saa nne inakaribia. Bisibisi iko mfukoni, imenitoboa bitana. Mbarak yuko getini ananipungia mkono.

Fundi bora wa Kenya nzima, nilisimama pale bila viatu, nauonea wivu mto.